Historia ya Lewis Karisa Ngowa, Fundi Aliyeipa Mashine Jina la Mkewe

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Makadara, na akina mama mliovuka Likoni asubuhi hii, familia inawaamkia nyote, na kabla ya mwili kuanza safari ya Kaloleni tungependa mumjue marehemu kama alivyojijua mwenyewe, kwa sababu alikataza katakata asipambwe.

Lewis Karisa Ngowa alizaliwa Kaloleni tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa tatu wa mzee Ngowa na mama Dama, akasoma shule ya msingi huko huko hadi mwaka 1980, kisha akashuka Mombasa kujifunza kuchomelea vyuma na kutengeneza winchi za kuvutia na kuinulia mizigo, kazi iliyomlisha bandarini kwa miaka mingi, mpaka alipofungua gereji yake hapa Makadara mwaka 2009. Tarehe 18 Disemba 1993 alifunga ndoa na Kadzo Mung'aro, mchuuzi wa maembe wa Marikiti ambaye bei yake haikuteremka kwa mtu yeyote, hata kwa mchumba, wakajaliwa watoto wawili, Menza na Kate.

Mwaka 2021 akina mama wakulima wa mwani wa pwani ya kusini, wakiongozwa na Bi Fadhiya, walimjia na shida yao, kwamba maji ya karibu na ufuo yamekuwa moto na mwani unaoza ungali kwenye kamba, nako mbali, kwenye kina, ambako maji ni baridi, hakuna awezaye kusimama akafunga wala kuvuna. Karisa akawaundia jukwaa la kuelea juu ya mapipa, lenye injini, winchi na roda za kuvuta kamba ndefu kutoka majini, na kisu cha kukatia mwani, akalipaka rangi ya buluu, na ubavuni, bila kumwuliza mwenye jina, akaandika KADZO kwa herufi kubwa. Aliandika kwa mapenzi, jamani, hilo hatulikatai.

Lakini mashine ilikuwa na visirani. Siku ya kwanza tu ilizitafuna kamba, ikamwaga baharini mbegu ambayo akina mama walikuwa wameitunza msimu mzima, na tangu hapo ikawa Kadzo amekwama, Kadzo anakunywa mafuta na kazi hafanyi, Kadzo mpigeni teke ataamka, maneno yakapanda feri na wachuuzi yakafika Marikiti, ambako hamali mmoja alimwuliza mama wa watu, mbele ya wateja wake, kama leo ameshapigwa teke au bado. Kadzo alifunga biashara akarudi nyumbani, akamtengea mumewe chakula, naye Karisa, ambaye habari za Marikiti zilikuwa zimeshamfikia gereji, akaisukuma sahani kando. Aliona haya hata kumtazama usoni. Yeye aliyejigamba gereji nzima kwamba mkewe sasa ni malkia wa bahari, kumbe alikuwa amempeleka kutukanwa na watu asiowajua, na kwa kosa la mikono yake yeye mwenyewe.

Kesho yake alivuka Likoni na kopo la rangi, akalifuta jina la mkewe akaandika KARISA, ili atakayetukana amtukane yeye, na wakamtukana kweli kweli, Bi Fadhiya asituangalie hivyo, naye akayapokea yote huku akibadilisha roda na kupunguza kasi ya winchi.

Mnamo Novemba 2024 mashine ilivuta kamba nzima kutoka kwenye kina bila kuangusha hata shada moja, akina mama wakapiga vigelegele wakiimba Karisa, Karisa, naye akalia, wala si kwa furaha, bali kwa fedheha, kwamba aibu alimpa mkewe na sifa akazichukua yeye.

Aprili 2025 alipatikana na saratani ya koo, na wodini, kwa sauti iliyokuwa ikimwishia, akamwomba mkewe ruhusa ya kulirudisha jina la Kadzo ubavuni mwa mashine, lakini mkewe akamwambia apone kwanza, mengine watazungumza nyumbani. Aliomba tena na tena, akatutoka tarehe 3 Februari 2026 bila jibu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Makadara na Kuze waliopika na kukaa nasi, mafundi wenzake waliofunga gereji kwa heshima yake, na akina mama wa mwani, ambao tunawaomba radhi kwa ile mbegu.

Jibu analo mjane leo, na ametuomba tulisome yeye akiwa ameinamisha uso, kwa kuwa anaona haya, maana msamaha ulikuwa ulimini mwake siku nyingi na akamnyima mgonjwa kwa kuishikilia hasira iliyokwisha zamani. Anasema jina la Karisa lisifutwe. Yeye nyumbani hana tena wa kumwita, basi angalau huko baharini aendelee kuitwa, akikwama mumtukane, akivuta mumpigie vigelegele.

Nenda kapumzike kwa amani, Karisa, mkeo hana kinyongo nawe.