Kibao cha Meza ya Nane

Baraza letu ni jiwe lililoshikana na ukuta, kwenye kichochoro cha Mji wa Kale kinachoelekea Ngome ya Yesu, na lachukua watu wanne. Wa kwanza ni Mung'aro, muuza kahawa, tunayemwita Redio kwa kuwa hana mahali pa kumzimia. Wa pili ni Kamaludin, aliyewatembeza watalii ngomeni miaka thelathini. Huyo ni Mreno, maana kila baya lililotokea duniani yeye hulirudisha kwa Wareno. Wa tatu ni Odera, karani wa yadi ya makontena huko Shimanzi, na jina lake ni Kontena, kwa sababu ya mwili wake wala si kazi yake. Wa nne ni mimi, mchora vibao. Shule niliiacha darasa la tano, herufi nikajifundisha mwenyewe kwa kunakili majina ya maduka, na wananiita Kiberiti kwa vile sipendi kuzungushwa. Halafu yuko Taizoon wa duka la kufuli, ng'ambo ya kichochoro. Yeye tunamwita Taizoon. Kila siku baada ya alasiri hufunga mlango nusu, akavuka na kiti chake cha plastiki cha buluu, akaketi akitukabili. Alhamisi hiyo, vibao vyangu vinane vilikuwa vimeegemea ukutani vikikauka.

— Herufi za Waswahili zimenona, akasema Odera. Za Waluo mbona zimekonda hivi? Hujazilisha?

— Zote kimo kimoja. Lililokonda ni jicho lako.

Vibao vilikuwa vya shule moja ya msingi kule Tudor. Ijumaa walikuwa na Siku ya Utamaduni: meza nane, kila meza na jamii yake, na vyakula, na mavazi. Nililetewa orodha kwenye karatasi: Waswahili, Wamijikenda, Wataita, Wakamba, Waluo, Waluhya, Wakikuyu, na cha mwisho, WAGENI. Nikaandika kama nilivyoletewa. Hicho cha mwisho nilikipenda kuliko vyote. Nilikitia rangi nyekundu na kivuli cha dhahabu.

Taizoon akaja, akakitua kiti chake, akapokea kikombe. Hakunywa.

— Kahawa yapoa, Taizoon, akasema Mung'aro.

— Ndicho hicho?

— Kipi?

— Kibao cha Fiza.

Tukageuka sote. Fiza ni mjukuu wake, binti wa miaka kumi na mmoja, yuko gredi ya sita. Alijifunza kutembea akishikilia baraza hili hili, kutoka goti la Kamaludin mpaka goti langu.

— Fiza yuaingiaje hapa? nikauliza.

Taizoon akazungusha kikombe mkononi. Si mtu wa maneno mengi. Kufuli iliyoharibika huizungumzia nusu saa, lakini ya nyumbani mwake humtoka moja moja.

— Mwalimu aligawa meza. Kila mtoto aulizwa jamii yake. Fiza akasema, mimi wa Mombasa. Akaambiwa Mombasa ni mahali. Akasema basi nitaketi na Waswahili, ndio majirani zetu, twala sahani moja. Akaambiwa meza ile imejaa. Akapewa ya nane. Yuko na mtoto mmoja Mkorea ambaye babake amekuja bandarini kwa miezi mitatu.

— Meza imejaa! nikasema.

— Na wiki hii nzima, akasema Taizoon, somo lao lilikuwa haki za jamii ndogo ndogo. Amepata ishirini kwa ishirini. Sasa amejifungia juu. Asema kesho haendi, na Jumatatu pia haendi.

Nilisimama mpaka kahawa ya Odera ikamwagika.

— Imejaa nini? Watoto ni magunia ya simiti? Mtoto mwembamba kama kalamu, wanasogea tu anaketi! Huyo mwalimu ni nani?

— Mwalimu Nasipwondi. Amekuja Januari.

— Jina la Bungoma hilo, akasema Odera, akijifuta paja.

— Kumbe! Mtu wa bara kashuka juzi, mizigo hajaifungua, aja kutuchagulia sisi nani mgeni...

— Endelea, Kiberiti, akasema Odera taratibu.

— Sikusemi wewe.

— Mimi natoka wapi?

— Wewe ni wetu.

— Tangu lini?

— Tangu... yakhe, Mung'aro, mjazie mwenzako kikombe.

Mung'aro akamjazia. Kamaludin alikuwa amekwisha kukohoa, na akikohoa hivyo twajua tunapelekwa ngomeni.

— Hili jambo la meza lilianza na Wareno. Walipoijenga ngome walitoboa milango mingi midogo, kila kabila na mlango wake, na karani ameketi na daftari. Muhindi alipofika alikuta milango imekwisha. Ndiyo maana mpaka leo hana meza.

— Ngome ina mlango mmoja, nikasema. Nimeupaka rangi mimi mwenyewe.

— Mingine waliiziba.

— Nani aliiziba?

— Wareno.

— Sikizeni, akasema Mung'aro. Dawa ni nyepesi. Serikali ilishatangaza kwamba Wahindi ni kabila la arobaini na nne la Kenya. Futa WAGENI, andika 44. Imekwisha.

— Mtoto aketi chini ya nambari kama basi? akauliza Odera.

Taizoon akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu aje.

— Siku hiyo nilisikia redioni, nina kufuli mkononi. Nikapanda juu nikamwambia mke wangu, Fatema, tumekuwa kabila. Akaniuliza, na jana tulikuwa nini?

Tulicheka, lakini si sana.

— Mimi nasema hivi, akasema Odera. Kule yadi, kontena ikiingia hatuiulizi ilizaliwa wapi. Tunauliza iko kwa laini gani ya meli, tunaipanga. Huyu mtoto amezaliwa hapa, babake hapa, babu huyu hapa. Iko kwa laini ya Mombasa. Kwisha maneno.

— Na wewe uko laini gani? akauliza Mung'aro.

— Mimi ni ile walisahau kuchukua.

— Tukienda kwa kuzaliwa, akasema Kamaludin, akiinua kidole, mimi mababu zangu watokea Shirazi. Hivyo tumeambiwa. Niwekeni meza ya wageni.

— Na sisi Wamijikenda twasimuliwa tulitoka Shungwaya, akasema Mung'aro. Nami nakuja huko.

— Waluo tulishuka na Mto Naili, tukiwa na njaa, akasema Odera. Mnisogezee.

— Mimi Mbajuni, nikasema, nilivuka kutoka visiwani na mkebe mmoja wa rangi.

— Basi meza saba zote zabaki tupu! Mung'aro akapiga paja. Wenyeji wa Mombasa ni nani sasa?

— Kunguru, akasema Kamaludin, akiutazama ukuta, ambapo watatu walikuwa wanagombania ganda la muhogo.

— Kunguru hawa? akasema Taizoon. Hawa watoka Bara Hindi. Waulize watu wa makumbusho.

— Wallahi?

— Nao ni wageni. Na wamekuja baada ya babu yangu.

— Paka, akasema Odera. Paka wa Mji wa Kale ni wenyeji.

— Paka, akasema Kamaludin, waliletwa na...

— Nyamaza, Mreno!

Hapo ndipo alipotokea yule mwanamke kijana, kiatu kina vumbi, begani mkoba umejaa madaftari ya wanafunzi. Akasimama hatua mbili kutoka kwetu.

— Shikamooni wazee. Ninamtafuta mzee wa vibao. Mimi ni Mwalimu Nasipwondi.

Mung'aro akashika mkono wangu, akachelewa.

— Marahaba, nikasema. Vibao vi tayari, na maneno yangu pia yako tayari. Mimi sizunguki. Hicho cha mwisho umenipa nikiandike bila kuniambia ni cha nani. Ningejua, hata tone la rangi singelitia. Huyu ni babu ya Fiza. Mtoto amejifungia chumbani. Wewe umekuja Januari, na umempa jina la mgeni mtoto ambaye babu ya babu yake amezikwa kisiwa hiki!

Nilitegemea ajibu kwa hasira, maana hasira naijua njia yake. Yeye akamgeukia Taizoon.

— Amejifungia?

— Tangu mchana, akasema Taizoon.

Akashusha mkoba chini.

— Mzee, nisamehe. Kitabu cha darasani kina orodha ya jamii, na mwisho wake kinasema "na wengineo". Nikaona "wengineo" ni jina baya kumpa mtoto. Kwetu mgeni ndiye huchinjiwa kuku. Nikafikiri nampandisha. Ile meza niliipa kitambaa kizuri kuliko zote.

— Na kibao kizuri kuliko vyote, akasema Odera, akinitazama.

— Hata mimi hapa naitwa mgeni kila siku, akasema mwalimu. Sokoni, kwenye nyumba ninayopanga. Nilifikiri tutakuwa wageni pamoja, mimi na yeye.

— Mwalimu, akasema Taizoon, kwa ile sauti anayotumia kwa mteja aliyevunja ufunguo ndani ya kufuli, wewe ukichoka utapanda gari uende kwenu Krismasi. Fiza aliniuliza leo, babu, sisi twenda wapi?

Odera akaweka kikombe chini.

Ningenyamaza hapo. Lakini kiberiti kikishawaka, kinawaka.

— Ungetuuliza sisi! nikasema. Hapa hatuna mgeni. Lete darasa lako zima nikuonyeshe. Huyu Mgiriama, huyu Mswahili, huyu Mluo, mimi Mbajuni, na Taizoon Muhindi, miaka ishirini na sita baraza moja, dele moja la kahawa. Haya hayamo kitabuni mwako. Tazama!

Akatazama. Alitutazama mmoja mmoja kutoka kushoto, Mung'aro, Kamaludin, Odera, mimi, kisha akavuka na macho mpaka katikati ya kichochoro, kwenye kile kiti cha buluu.

— Na yeye mbona ameketi kule?

— Wapi? nikauliza.

— Kule. Peke yake.

— Ana kiti chake, akasema Mung'aro.

— Ni kwa ajili ya mgongo, akasema Kamaludin. Mgongo wamsumbua.

— Mgongo wangu mzima, akasema Taizoon.

— Ni suruali, akasema Odera. Anavaa nyeupe. Hili jiwe lina chokaa.

Sote tulitazama suruali ya Taizoon. Ilikuwa ya kijivu, ina madoa ya grisi magotini.

Taizoon aliona tunavyohangaika. Mtu mwema ana ubaya wake. Huwezi kumzuia asikusaidie.

— Si kosa la mtu, mwalimu, akasema. Siku ya kwanza nilipofungua duka nilikuja kuamkia. Baraza lilikuwa limejaa. Nikarudi nikachukua kiti.

Mwalimu akatikisa kichwa, kama mtu anayeelewa.

— Na siku ya pili?

Mung'aro akainua dele ajaze vikombe. Halikutoa kitu. Akaliinamisha zaidi, akalitikisa, akachungulia ndani. Redio yetu, kwa mara ya kwanza tangu niijue, ilizimika.

Nami, nijisifuye kwa kusema mambo wazi, nilitafuta neno moja la kweli, na yote niliyopata yalikuwa ya Kamaludin: Wareno, na milango iliyozibwa.

Nikaingia karakana yangu, nyuma ya baraza, nikatoa tapentaini na kitambaa. Nikapiga magoti mbele ya WAGENI, nikafuta. Rangi ilikuwa haijashika vizuri. Dhahabu ikatangulia, nyekundu ikafuata, mikono yangu ikawa kama ya mchinjaji.

— Niandike nini? nikauliza, bila kugeuka.

— Usiandike, akasema Taizoon. Fiza hakutaka kibao. Alitaka wasogee.

— Nitakwenda kumwambia mwenyewe, akasema mwalimu. Yeye na yule Mkorea watasogezewa. Naruhusiwa kupanda?

— Fatema yuko juu. Piga hodi kwa nguvu, feni ina kelele.

Mwalimu akavuka. Tulisikia hodi, tukasikia karibu ya Fatema, kisha tukasikia feni.

Mung'aro alikuwa wa kwanza. Alivuta dele lake na kisahani cha kashata, akasogea mpaka ukingoni, paja moja hewani. Kamaludin akamfuata, Odera akajikunja, na mkijua Odera mtajua ile ni kazi. Pakatokea nafasi katikati, ndogo, kiasi cha mtu mwembamba.

— Ndoo basi uketi, nikasema. Wasubiri karatasi ya mwaliko?

Taizoon akasimama. Akakitazama kiti chake, kama mtu asiyejua akiache au aje nacho. Mimi nilikuwa nimeshika kibao kilicholowa, natafuta mahali pa kukianika. Nikakiweka juu ya kiti.

Akaja, akaketi kati ya Kamaludin na Odera. Bega lake la kulia likawa chini ya kwapa la Odera. Akapapasa jiwe kwa kiganja, kama apapasavyo kufuli ngeni.

— Kumbe lina baridi hili, akasema.

Mwalimu Nasipwondi alitoka, akaokota mkoba wake na vibao saba.

— Amesema atakuja, akatuambia. Lakini atasimama mlangoni kwanza, aone kama wanasogea.

— Ana haki, nikasema.

Akaaga akaenda zake, vibao kwapani. Dirisha la juu ya duka likafunguka, na sauti nyembamba ikauliza:

— Babu! Mbona umekaa huko?

Taizoon akainua uso. Akatutazama sisi.

— Mwambieni nyinyi, akasema.

Na sisi wanne, tunaojua ya Shungwaya na ya Shirazi na ya Wareno, tukaanza kukohoa.