Siku Nilipokitania Kitabu

Amani iwe kwenu, ndugu zangu. Mama mwenyekiti ameniomba nisimame kwa muda mfupi, na nyote mnanijua: mimi muda mfupi siujui. Nivumilieni. Nasema kwa ajili ya hawa vijana wa benchi la mbele, ambao wiki ijayo wanapanda treni kwenda chuo kikuu. Juzi nilimsikia mmoja wao akimwambia mwenzake, "Masomo nayaweza. Naogopa Kiingereza chao." Nilikuwa nyuma yao na ndoo yangu, nikataka kucheka, kisha nikakumbuka kwamba Kiingereza hichohicho nusura kinirudishe nyumbani.

Majina sitataja. Wengine wametangulia mbele ya haki, wengine wapo na wana haya zao.

Mimi ni mzaliwa wa Kwihara, jirani na lile tembe walilopumzikia wasafiri wa zamani. Njia ya misafara ilipita palepale. Kiangazi, upepo ukiinua vumbi barabarani, bibi yangu alikuwa akisema, "Wanapita." Hatukumuuliza ni kina nani. Tulisimama kimya mpaka vumbi litue, halafu tukaendelea na mchezo wetu. Nimekua hivyo, nusu ya akili yangu iko hapa, nusu inafuata vumbi.

Ilikuwa miaka ile baada ya Azimio, nchi bado changa, redio asubuhi hadi jioni ni kilimo na kujitegemea. Binti wa kijijini kwetu kwenda chuo kikuu lilikuwa jambo la watu kusimamisha jembe. Baba zangu wadogo walikataa katakata. Walisema nitarudi mikono mitupu na umri umekwenda. Baba akawajibu, "Akirudi mikono mitupu, mnicheke mimi, si yeye." Basi niliposhika treni pale Tabora nilikuwa na blanketi, kibuyu cha asali, na aibu ya baba yangu mkononi, nisiiangushe. Nikakaa dirishani nikitazama miombo ikirudi nyuma, mti baada ya mti, mpaka sikujua tena kama ni mimi ninayekwenda au ni nchi inayoniacha.

Chuoni, mwaka wa kwanza, tulipangiwa kozi ya Kiingereza cha kitaaluma, kile cha kuandikia makala na kujibia mitihani. Usipoifaulu, mwaka wa pili huuoni. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, mpole, wa kusahau miwani kichwani akaitafuta mezani. Nisimsingizie, alikuwa mtu mwema. Na Kiingereza nilikuwa nacho, sarufi nimeinywa kama uji. Shida yangu haikuwa maneno.

Alinipa kitabu cha msafiri mmoja wa zamani aliyepita Unyamwezi. Alidhani nitafurahi kusoma habari za kwetu. Akasema, "Kisome, kisha ukikosoe."

Kukosoa! Mtu mzima, marehemu, ameandika kitabu kinene chenye jalada la ngozi, na mimi binti wa Kwihara nimkosoe? Nyumbani kwetu baba akisema leo Jumanne, na kumbe ni Jumatano, mama alisubiri ale, ashibe, anawe mikono, ndipo aseme taratibu, "Nasikia wapo watu wanaiita Jumatano."

Kwa hiyo nikaandika kwa adabu. Nilianza kwa kumtakia msomaji afya njema. Nikamshukuru mwandishi kwa kazi nzito. Nikaeleza yote aliyoyasema, moja baada ya jingine, nikamalizia kwa kumwombea pumziko la milele. Karatasi ikarudi nimefeli, na chini yake kwa wino mwekundu mwalimu ameuliza: Na wewe unasemaje?

Mnacheka. Haya, niambieni, mkubwa akikuuliza hivyo kwetu, hilo ni swali? Maana yake umefungua mdomo mahali pasipo pako. Unajibu, "Sina neno, baba," unatafuta pembe ya kukaa. Basi nikajua nimesema mno. Makala iliyofuata nikaifupisha. Ikarudi na maneno yaleyale. Nikaifupisha tena nyingine. Nilikuwa namtii mwalimu kwa moyo wangu wote, na kila nikimtii nafeli zaidi.

Ndugu zangu, nawaambia, kuanguka kwingine hakuna kishindo. Sikuugua, sikulia. Nilinyamaza tu. Darasani nikanyamaza, mezani nikanyamaza, hata kusali nikawa nasogeza midomo bila neno. Mchana baada ya chakula nilijilaza, na usingizi ulipoanza kunichukua nikawa nauona msafara ukipita kando ya kitanda changu. Wapagazi wengi, miguu haitoi sauti, na kila mmoja kichwani amebeba kitabu. Mbele yao yuko kirangozi, yule kiongozi wa msafara, na ngoma yake. Alifika kwangu akageuka, akanitazama utosini, akaona hapana kitu. Hakunigombeza. Aliendelea na safari. Nikiamka jua limehamia ukuta wa pili, na mdomoni nasikia ladha ya vumbi la Kwihara. Nilianza kuupenda usingizi ule kuliko chochote. Hapo ndipo palipokuwa na hatari.

Mwalimu akaniita. Akasema imebaki makala moja, kitabu ni kilekile. Nikifeli hiyo, nifunge mizigo. Nikaitikia kwa kichwa. Akilini nilimwona baba amesimama katikati ya ndugu zake, nao wanamcheka.

Sasa, chumbani nilikaa na binti wa Kizaramo, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Wiki ile babu yake alifariki kijijini kwao, kule Uzaramo. Akanishika mkono akasema, "Twende tukaanue matanga. Wewe ni mtani wetu, huwezi kukosa." Vijana, kama hamkufundishwa, jueni leo: babu zetu walishuka pwani na mizigo, wakipita Uzaramo, wakaomba maji, wakagombana, wakapatana, na katika kupita kule ukazaliwa utani. Mtani anaruhusiwa kukuambia lolote, hata msibani, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa.

Tulipofika, akina mama walio jikoni wakapiga kelele, "Mnyamwezi kafika! Sasa tutacheka!" Mimi ambaye sauti yangu mwenyewe nilikuwa nimeisahau! Nikakaa nao nikamenya mihogo, na kwa kuwa mtani hawezi kutania asichokijua, ikabidi niulize. Mzee alikuwaje? Alitembeaje? Alijisifia nini? Wakanieleza, kila mmoja na chake. Kumbe alikuwa na mwavuli mmoja aliouenzi sana. Jua likiwaka anaufungua. Mvua ikianza anaufunga, anauficha ndani ya kanzu, usilowe.

Mwavuli wenyewe ulikuwa umetundikwa mlangoni. Sijui nini kilininyanyua. Nilijiona nimeushika, nimeinama, natembea kwa hatua za mzee kati ya mikeka ya wafiwa, na sauti ikatoka, kubwa kuliko nilivyoijua.

"Nyamazeni! Mzee kanituma! Anasema mawingu yamekaa vibaya, kila mwenye mwavuli aufunge haraka, usije ukalowa!"

Ua mzima ulilipuka. Nikaendelea. "Huyu huyu! Babu zangu walimwomba maji wamechoka na mizigo, akawaambia kisima kimelala, njooni kesho!" Watu wanacheka machozi yanawatoka, na mimi machozi yananitoka, nacheka.

Mjane akaniita. Akanishika kiganja, mkono wake mkavu na wa moto. Akasema, "Mjukuu wangu, tangu juzi wanamsifu mume wangu, na sifa zao angeweza kupewa mtu yeyote. Wewe ndiye umemsema mwenyewe."

Maneno yale niliondoka nayo. Ndani ya basi la kurudi sikusinzia. Niliwaza: yule bwana wa kitabu naye alipita Kwihara. Alikunywa maji yetu. Wapagazi wetu walimbebea mizigo. Mtu aliyepita njia ile kwa mabega ya babu zangu ni nani kwangu, kama si mtani?

Nikakifungua kitabu upya, nikamuulizia kama nilivyomuulizia mzee. Alitembeaje? Alijisifia nini? Ndugu zangu, nilimkuta! Ameandika kwamba Wanyamwezi ni wavivu, hawapendi kazi ya miguu. Na ukurasa huohuo, mistari michache chini, anaeleza alivyopandishwa kilima ndani ya machela, amelala, wanaume wanne wamembeba. Nilicheka peke yangu chumbani mpaka mwenzangu akaamka. Nikaandika: "Bwana, uvivu huo uliuonaje, ukiwa umelala juu ya mabega yao?"

Niliandika kurasa na kurasa. Mwalimu akaniita tena. Makala yangu iko mbele yake, naye anauliza, "Huyu 'mtani' unayemtaja ni nani?" Nikamweleza, kwa sauti. Alicheka mpaka miwani ikadondoka kutoka kichwani, na siku hiyo hakuitafuta. Kisha akakaa nami. Akanionyesha: kejeli hii itoe, ukurasa utaje, hapa weka "huenda", hapa mpe mwandishi haki yake kwanza, kwa maana yapo aliyoyaona sawasawa. Nikajifunza kwamba Kiingereza cha chuoni ni utani uliovalishwa viatu. Nikaandika upya. Nilifaulu, alama si za kuringia, lakini mwaka wa pili niliuona, na wa tatu, na leo nafundisha historia watoto wenu.

Namshukuru Mungu aliyenitoa katika usingizi ule. Namshukuru mwenzangu asiyejua kunong'ona, na mjane yule, Mungu amrehemu. Namshukuru mwalimu ambaye hakuchoka kuniuliza, ingawa mimi nilichelewa kuelewa kwamba anauliza kweli. Namshukuru baba, ambaye hakuchekwa.

Vijana, kitabu mkipe heshima ya kukisikiliza mpaka mwisho. Mjue kinatembeaje. Kisha mkiambie ukweli usoni, kwa maana heshima ya kunyamaza mbele ya jambo lisilo sawa inamwacha mwenzio katika kosa lake, na wewe inakulaza.

Nami nimesema mengi hapa, na mimi ni mtu mzima, na mwalimu wenu. Pengine nimetia chumvi. Pengine kuna mahali nimekosea, au nimemwonea yule bwana. Nani ataniambia?

Naona mnatazama sakafu. Nawaelewa, wanangu. Sina haraka, chakula kipo jikoni. Nitakaa hapahapa mpaka mmoja wenu aseme.