Bango Jipya Getini

Habari za bango nilizipata kwanza kwa mama mkwe wangu, anayeuza kahawa mkabala na geti la chuo kikuu. Mimi humwoshea vikombe, mtoto mgongoni, na kazi yangu nyingine ni kusikiliza. Siku hiyo nilikuwa na jambo langu rohoni. Tangu tuanze kuchota maji kwenye kisima kipya, nepi nyeupe zilikuwa zikitoka na madoa ya rangi ya kutu, na mwanangu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kunywa uji wa maji hayo hayo. Mama mkwe akasema, "Shule ya Sayansi ya hapo chuoni wanaweka bango. Wameandika kazi yao na maadili yao." Benchi zima likageuza shingo.

Hakimu, fundi saa anayekata kila kesi hata asipoulizwa, akasoma kwa sauti:

— "Tunatafuta ukweli na kuutumia kwa faida ya jamii. Uaminifu, udadisi, uwazi. Milango yetu iko wazi."

— Jamii ndiyo sisi? aliuliza Tairi, dereva mstaafu wa malori.

— Nani kakudanganya? Jamii ni wao kwa wao, alisema Hakimu. Wanaoana humo humo, wanazikana humo humo.

— Milango iko wazi kwa sababu ya dawa wanazochemsha, alisema Kinyozi. Wakiifunga tu, wanazimia.

— Na huo udadisi? alisema Tairi. Mke wangu akidadisi ya jirani anaitwa mmbeya. Hawa wanaandikiwa bango.

— Hawa wana vyeti, Tairi, alisema Hakimu.

— Basi mama watoto ni profesa, hamjui tu.

— Sikilizeni, alisema Hakimu. Ukweli walishaupata zamani. Wameufungia kabatini. Wakiutoa, chuo kinafungwa, maana watatafuta nini tena?

— Na zile darubini zao zinatazama huku kwetu, alisema Kinyozi. Ndiyo maana sinyoi mtu dirisha likiwa wazi.

— Wakutazame wewe wajifunze nini? alisema Tairi.

Mchoraji aliyekuwa akimalizia ukingo wa bango alishuka kwenye ngazi, akavuka barabara, akaomba kikombe. Alikunywa amesimama, vidole vimejaa rangi ya buluu.

— Nimewasikia tangu juu, wazee wangu. Nauliza tu. Mkiingia mle, mtawauliza nini?

Hakimu alitazama saa yake. Tairi akakohoa.

— Swali moja tu, alisema mchoraji.

— Nina mteja, alisema Kinyozi, lakini hakunyanyuka.

Mama mkwe akalitikisa birika.

— Kahawa imeisha, alisema.

Mimi swali nilikuwa nalo. Nikainamia vikombe tu. Navyo vilikuwa vimeanza kupata duara la kutu ndani, hata nikivisugua kwa majivu.

Asubuhi yake niliosha chupa, nikaijaza maji ya kisima, nikaifunga nepi moja yenye madoa kwenye mfuko. Nilimbeba mwanangu na kuvuka barabara kabla benchi halijapata watu. Mlinzi wa geti aliniuliza namtafuta nani. Jina la mtu sikuwa nalo, nikamwonyesha bango kwa kidole.

— Nawatafuta walioandika hivi, nilimwambia.

Aliitazama chupa, akamtazama mtoto, kisha akafungua geti.