Kinga Isiyo na Freni

Mama zangu, baba zangu, na ninyi wagonjwa wenzangu mliokaa karibu na mlango ili mtoroke nikirefusha hotuba: hamujambo? Mimi nimesimama, na kichwa kiko mahali pake. Kwangu hiyo peke yake inatosha kupigiwa makofi.

Mnanijua. Ni fundi wa kinga. Mgeni akiwapo, nimweleze: kwetu baisikeli njo inaitwa kinga. Kumbukeni neno hilo, maana lilikaribia kuniua.

Wakati wa vita nilikuwa kijana, ninaishi kwa yaya yangu, dada yangu mkubwa, kule Kailo. Treni iliacha kufika Kindu, chumvi tukawa tunaisikia kwa jina tu. Yaya alitulisha matembele, sombe ya majani ya mihogo, na majani machungu ambayo hata mbuzi alikuwa anayafikiria mara mbili. Nilikula majani mpaka nikaogopa kuota mizizi. Lakini tulipona sote. Baada ya vita nikajiandikisha masomo ya jioni, mtu mzima mwenye ndevu, nikajifunza a, e, i, o, u. Siku niliyosoma barua yangu ya kwanza mwenyewe, nilipiga kelele hata mamba wa mto Lualaba wakashtuka.

Halafu, miaka mingi baadaye, kikaja kichwa kuniuma. Uvimbe. Nikapelekwa hospitali ya ng'ambo ya mpaka, nikaambiwa nitachomwa kwa miale. Daktari hakunificha: miale inaweza kudhuru na ubongo usio mgonjwa ulio jirani, pengine nisahau maneno. Ndugu zangu, nawaambia, kifo sikukiogopa sana. Niliogopa kurudi kuwa mtu asiyejua kusoma.

Nilipopita nyumbani kujitayarisha, yaya akasikia. Akatwanga majani makavu, akachanganya na manjano, akaupakia unga kwenye kikopo.

“Ndani ya mimea iko vitu vinakinga ubongo na miale,” akaniambia. “Nimevisikia kwenye redio, wanaviita antioksidanti. Hii njo kinga yako.”

“Yaya, kinga niko nazo saba pale kibandani.”

“Nyamaza, mujinga. Majani yalituvusha vita, yatashindwa na mwanga?”

Kwa hiyo kila siku ya miale, kabla sijaingia, nilikuwa ninalamba vijiko vitatu, kwa siri. Kikopo nilikiandika kwa mkono wangu: *grisi*. Msomi, mnaona!

Siku moja muuguzi, mwanamke wa jirani zetu wa Kivu, akanisimamisha mlangoni.

“Papa, midomo yako iko njano sababu gani?”

“Ni furaha, mama.”

“Na ulimi?”

Nikatoa kikopo. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia.

“Mnyororo wa kinga unautia nini?”

“Mafuta, usiliwe na kutu.”

“Na freni, breki zake?”

Nikaruka. “Mama! Ukitia mafuta kwenye freni utakwenda kulala ndani ya mto!”

“Basi. Miale inakula ule uvimbe kama kutu inavyokula chuma. Unga huu, kama kweli una nguvu, nani ataufundisha kupaka ubongo tu na kuacha uvimbe?”

Nilikaa chini. Fundi wa miaka yote hiyo, nilikuwa ninapaka freni zangu mafuta kwa kijiko.

Daktari naye akaniambia wazi: wataalamu wanaichunguza mimea hiyo, kwa wanyama wa maabara imeonyesha dalili nzuri, kwa watu bado hawajui. Mboga ndani ya sahani, kula. Unga wa kulamba, weka pembeni mpaka miale iishe, na usinifiche kitu.

Nikamaliza miale. Uvimbe ukanywea. Lakini nilirudi Kindu ninaita pampu “kuku”, wateja wanacheka. Sikucheka. Nikarudi masomo ya jioni, benchi lile lile, a, e, i, o, u. Mwalimu hakuniuliza kitu, alinipa chaki tu.

Lililokuwa gumu kuliko miale ni kumwambia yaya. Nilimrudishia kikopo, nikamweleza habari ya freni. Akakifungua kikopo, akaunusa unga, akakifunga. Kisha akaingia jikoni, akatoka na matembele yaliyotiwa mawese.

“Hii si dawa,” akasema. “Ni chakula. Kula.”

Nikala, machozi yakaingia kwenye mchuzi.

Ninamshukuru muuguzi yule, daktari, mwalimu wangu, na yaya, yule pale mwenye kitenge cha kijani, anajifanya hanisikii. Na wewe mwenye kikopo ndani ya mkoba, usikitupe kwa hasira, kuna mtu amekutwangia kwa upendo. Kiweke tu kwenye meza ya daktari kabla hujalamba.

Maneno haya niliyaandika mwenyewe, karatasi mbili, wiki tatu, pampu nikaiita pampu. Na mmeona: nimesoma mpaka mstari wa mwisho.