Mama Ndoo na Tofali Lililozama

Mdogo wa kiume wa marehemu alishuka basi katika mji wa pwani asioujua, akamwuliza mlinzi wa lango la kwanza nyumba ya mhandisi wa udongo.

"Mama Ndoo? Pole, kaka. Ulimi pilipili, moyo safi. Panda juu, mwambani. Huku chini hangelala hata umtishie bunduki."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi mwashi na mshonaji. Alisoma shule iliyopakana na machimbo ya kokoto, na mwaka 1982 akahitimu uhandisi.

Kazi yake ilikuwa kupima ardhi ya pwani kabla ya ujenzi. Aliwafundisha wakandarasi kwa ndoo ya mchanga uliojaa maji, tofali likiwa limesimama juu. Akiipiga ndoo vijiteke, mchanga unakuwa uji, tofali linazama. "Teke ndilo tetemeko," alisema. "Tofali ni wewe na wapangaji wako."

Mwaka 1986 aliolewa na mwalimu wa hesabu, baada ya kwenda kukagua msingi wa nyumba ya wakwe. Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka 2009 aliletewa vipimo vya wodi ya wazazi ya ufukweni, asaini. Vilimtia kinyaa. Mashimo yote ya kupimia udongo yalichimbwa kando ya barabara, penye ardhi ngumu, kwa kuwa gari la kuchimbia lilikwama mchangani.

"Mmepima gari lilipofika, si watoto watakapozaliwa!"

"Dada, mbona unakuza mambo?" mkandarasi akacheka. "Saini, tunywe chai."

"Chai yako inanuka."

Alifukuzwa, mwingine akasaini. Basi akawapelekea wakunga ndoo yake. Walipoona tofali likizama, waligoma kuhamia. Mwaka 2014 ardhi ilitetemeka, na wodi ikadidimia hadi madirishani, tupu. Mkandarasi aliposifiwa redioni kwa tahadhari ya kuiacha wodi tupu, marehemu aliizima redio, akatoka nje kutema mate.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki tarehe 3 Juni 2023. Mkandarasi ameleta shada, akaomba nafasi ya kutoa salamu.

"Mjomba, lirudishe," binti akasema. "Mama angetapika."

Liko nje ya lango, linanyauka.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili na mdogo wake, mtu asiyewahi kumaliza mwaka katika mji mmoja. Ufukweni mashine inachimba tena, kando ya barabara ileile. Wakunga wameuliza nani atabeba ndoo. Dada anakwenda, mdogo wake anabaki, ndoo mkononi.

Apumzike kwa amani, mwambani, pasipotikisika.