Cha Kuzuia Gurudumu

Tangu Mtito Andei, Kagure alikuwa ameikumbatia pikipiki ya marehemu mumewe nyuma ya lori, isianguke. Kando yake abiria wawili wasiomjua walibishana.

"Weka jiwe tu," alisema Sugow, muuza mbuzi.

"Hiyo jiwe itaruka kwa mashimo," mwenzake, mwenye duka, akamkatiza. "Hii inataka kabari ya mbao."

Walijua mengi, ila hakuna aliyeinuka kumsaidia kushika. Kagure akafungua leso, akatoa akala za mumewe, ndara za kiume za matairi, akazisukuma chini ya gurudumu, moja mbele, nyingine nyuma, kama marehemu alivyofanya kila alipoipakia. Pikipiki ikatulia.

"Sasa, mama," Sugow akauliza, "mwenyewe akija kuipokea atavaa nini?"

Lori likasimama Tawa, aliposhukia Kagure, na hapakuwa na mwenyewe wa kuipokea.