Shangazi na Chumba cha Cherehani

Mgeni rasmi, dada yetu, binti wa marehemu mama mshonaji,

Sisi walezi wa kasuku wasiojiweza tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Inachekesha kidogo kukukaribisha kwenye nyumba yako mwenyewe. Utusamehe, mlango umetuzoea.

Tulikotoka

Mama yako alianza na kasuku mmoja kipofu, aliyetupwa sokoni ndani ya boksi. Akamwita Shangazi kwa sababu ndege huyo alipenda habari za watu. Sifa zikaenea, wakaletwa wengine: Nusu asiye na bawa moja, na Kipara anayejinyonyoa manyoya kwa upweke. Mama akawashonea fulana za vipande vya nguo, huku cherehani ikiimba naye akiwapigia soga. Sisi tulikuja kupunguziwa suruali, tukabaki.

Mafanikio

Ndege wengi wamepata watu wa kuwalea. Nusu anaishi kwangu mimi msomaji wa risala hii, fundi redio, na ndiye anayechagua stesheni. Kwa Kipara tuliteleza. Baada ya msiba tulimshonea fulana ya vifungo, wakati mama alitumia kamba tu. Alivinyofoa vyote, kisha akahamia shati la mwenyekiti wetu. Kosa moja haliachi mke. Sasa tunafunga kamba.

Changamoto

Changamoto yetu ni Shangazi. Muuguzi mstaafu, mwenzetu, alimchukua kwake akamtunza kama mboni ya jicho, lakini ndege akagoma kula na kila mara akajigonga ukutani. Aliporudishwa hapa, akasikia bawaba za mlango zikilia, akatulia na kula. Chumba hiki anakijua kwa masikio.

Jioni, mwanga wa dirishani ukilegea na vumbi la vitambaa likielea, cherehani husikika ikienda taratibu, na kitini hakuna mtu. Ni Shangazi anayeiiga. Halafu, kwa sauti ya mama yako, huuliza:

"Mwanangu amefika?"

Mama aliuliza hivyo kila mlango ulipolia. Hatusemi haya kukulaumu, dada. Kazi za mbali tunazijua. Muuguzi alijaribu kujibu, "Nimefika, mama." Shangazi akauliza tena. Tulilia, wazee wazima.

Maombi

Tumesikia nyumba imepata mnunuzi. Ni haki yako. Tunaomba chumba hiki kimoja kisiguswe mpaka Shangazi amalize umri wake, na hatukufichi, kasuku huishi sana.

Ombi la pili ni dogo. Sauti yako na ya mama yako ni moja. Tangu ulipopiga hodi, Shangazi hajatoa sauti. Ameelekeza kichwa hapo ulipokaa. Tukinyamaza, atauliza. Leo tunaomba umjibu wewe.

Mungu ampumzishe mama yetu, akupe afya na safari njema, na asitunyime sote mlango wa kurudia.

Ni sisi,
Walezi wa Kasuku, Chumba cha Cherehani